Thiess wa Livonia: Mbwamwitu Aliyekwenda Kuiba Jehanamu

Kesi haikuwa yake. Mwezi wa Aprili mwaka 1691, mahakama ya wilaya ya Wenden ilikaa Jürgensburg, katika Livonia, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Latvia na Estonia na ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Shauri lililoletwa lilikuwa la wizi wa mali ya kanisa. Mzee mmoja aliyepita miaka 80, jina lake Thiess, aliitwa kama shahidi tu. Alipokuwa akijiandaa kula kiapo, shahidi mwenzake, mwenye kilabu cha pombe cha Kaltenbrun, akatabasamu. Mahakimu wakataka kujua kinachomchekesha. Akajibu kwamba anashangaa kuona mzee huyu anaapishwa, ilhali kila mtu anajua kuwa anashirikiana na shetani na kwamba hutembea kwa umbo la mbwamwitu.

Wizi wa kanisa ukasahauliwa papo hapo.

Thiess hakukana. Alikiri kwa utulivu wa mtu anayeulizwa kama aliwahi kuwa mvuvi, akasema kazi hiyo ameiacha yapata miaka 10. Tena si siri, akaongeza: aliwahi kufika mbele ya mahakimu wa Nitau kwa ajili ya pua yake iliyovunjika, akawaeleza kuwa aliyemvunja ni mkulima wa Lemburg aitwaye Skeistan, na kwamba alimpiga wakiwa jehanamu. Mahakimu wa Nitau walicheka wakamwachia aende zake. Wa Jürgensburg hawakucheka. Waliuliza kwanza kama mzee ana akili timamu. Watu waliokuwapo, ambao wengi wao walimfahamu tangu zamani, walijibu kwamba akili zake hazijawahi kupungua hata siku moja, na kwamba tangu yale ya Nitau wakulima walimtukuza kama mungu mdogo.

Skeistan mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpinga msimuliaji. Kwa maelezo ya Thiess, Skeistan alikuwa mchawi, na wachawi wa Livonia walikuwa na biashara moja kubwa: kubeba baraka ya mbegu, ya matunda na ya mifugo na kuipeleka jehanamu kwa shetani, ili mashambani pasiote kitu. Watu-mbwamwitu waliwafuata kwenda kuiba kile kilichoibwa. Walikwenda mara tatu kwa mwaka: usiku wa kuamkia Pentekoste, usiku wa Mtakatifu Yohane katikati ya kiangazi, na usiku wa Mtakatifu Lucia kabla ya Noeli. Walinzi wa jehanamu na wachawi walishika mipini ya fagio iliyozungushiwa mikia ya farasi. Mbwamwitu walishika mijeledi ya chuma. Thiess alipokuwa akitoka mbio na nafaka aliyoinyakua, Skeistan alimpiga usoni kwa mpini wa fagio, na hilo ndilo kovu alilokuwa akilionyesha mahakamani.

Aliulizwa jehanamu iko wapi. Iko bwawani, alisema, chini ya Lemburg, umbali mfupi tu kutoka Klingenberg. Na Klingenberg lilikuwa shamba la Bengt Johan Ackerstaff, hakimu aliyekuwa ameketi mbele yake akiongoza shauri. Mtu akisoma kumbukumbu za mahakama kwa ukavu wote wa lugha ya makarani, hapo atasimama. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi katika shamba la hakimu yule. Sasa anamwambia, kwa adabu zote, kwamba shetani ni jirani yake.

Ili kuelewa uzito wa kauli hiyo inabidi tujue nani alikuwa nani. Tangu karne ya 13, wapiganaji wa msalaba kutoka Ujerumani waliitwaa Livonia kwa upanga, na wajukuu wao wakabaki na ardhi, makanisa na mahakama. Waswidi walipochukua nchi katika miaka ya 1620, wenye mashamba waliendelea kuwa walewale Wajerumani. Wakulima wa Kilatvia na Kiestonia walikuwa watwana wao: walilima shamba la bwana kabla ya kulima la kwao, wakapeleka sehemu ya mavuno ghalani kwake, na hawakuruhusiwa kuhama. Hata kumbukumbu za kesi hii ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ya mahakimu. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akisimama mahakamani kueleza kuwa mavuno ya mkulima yanabebwa kila mwaka na kufungiwa nyuma ya milango yenye walinzi, hahitaji kutaja majina.

Sifa ya Livonia kuwa makao ya watu-mbwamwitu ilikuwa imeenea Ulaya zamani. Olaus Magnus, mtu wa kanisa aliyekimbia Uswidi baada ya nchi hiyo kuingia Ulutheri, aliandika mwaka 1555 katika kitabu chake kikubwa kuhusu watu wa kaskazini kwamba usiku wa Noeli watu-mbwamwitu wa Prussia, Lithuania na Livonia hukusanyika makundi makundi, wakavunja maghala ya pombe, wakamaliza bia na asali iliyochachushwa, kisha wakayapanga mapipa matupu moja juu ya jingine katikati ya ghala. Kwa hilo, anasema, ndipo wanapotofautiana na mbwamwitu wa kweli. Anaeleza pia ukuta wa ngome iliyobomoka ambapo hushindana kuruka, na mnene asiyeweza kuuvuka hupigwa na wakubwa wao. Maelezo haya nayapenda kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu viumbe hawa. Mnyama anayeiba pombe na kuacha ghala limepangwa vizuri ana mzaha wa mtu anayetaka mwenye nyumba ajue nani alipita.

Thiess alikuwa wa ukoo huo. Mahakimu walimbana kwa maswali ya kisheria, naye akawa anajibu kama mcheza ngoma anayejua watazamaji wake. Mnageukaje? Kwanza akasema kuna ngozi ya mbwamwitu, na yake aliipata kwa mkulima wa Marienburg. Kesho yake akaigeuza: hakuna ngozi, wanavua tu nguo kichakani na kugeuka. Ulianzaje? Mlaghai mmoja alimnywesha pombe na kumpulizia jambo hilo, na mwenye kutaka kuliacha hulipitisha kwa mwingine kwa njia hiyohiyo. Mnakula nini njiani? Wanakondoo, wanambuzi na nguruwe wadogo tunaowakamata, tunawachoma na kuwala. Mahakimu wakadhani wamempata: mbwamwitu hula nyama mbichi, nyinyi moto na chumvi mnavitoa wapi? Thiess hakuyumba. Tunachoma, alisema, na chumvi tunayo. Mkate ndio hatuli. Mara aliacha kazi hiyo zamani, mara anasimulia ya Mtakatifu Lucia wa juzijuzi: mwaka mmoja watu-mbwamwitu wa Kirusi waliwatangulia na kuirudisha baraka ya nchi yao, ndiyo maana Warusi walipata mavuno na Livonia ikakosa. Mwaka huu waliwahi wao, na mavuno yatakuwa mema. Nafaka iliyorudishwa hurushwa hewani, ikawaangukia matajiri na maskini pamoja.

Na Wajerumani, je, nao wamo? La. Wao wana jehanamu yao peke yao.

Kwa mahakimu, tatizo halikuwa uongo wala ukweli wa safari hizo. Sheria na teolojia ya Kilutheri zilihitaji kitu kimoja: agano na shetani. Mtu akigeuka mnyama, ni kwa nguvu ya shetani, na mwenye kutumia nguvu ya shetani amejiuza kwake. Hapa Thiess aliwanyima kabisa walichokitaka. Shetani, alisema, anawachukia watu-mbwamwitu na kuwafukuza kama mbwa, kwa sababu wao ni mbwa wa Mungu, wanaomwibia kile ambacho wachawi wamempelekea. Roho zao zinakwenda mbinguni. Za wachawi ndizo anazozichukua. Wakamwita mchungaji wa mtaa amwonye na kumtubisha. Thiess alimsikiliza, kisha akamwambia kuwa bado ni kijana na mambo haya hayajui vizuri.

Kesi nyingine za aina hii zilikwisha vibaya zaidi. Peter Stumpp, mkulima wa Bedburg karibu na Cologne, aliteswa hadi akakiri kwamba shetani alimpa mkanda wa kumgeuza mbwamwitu, akauawa mwaka 1589 kwa namna nisiyoona haja ya kuieleza. Jean Grenier, mvulana mchunga mifugo kusini-magharibi mwa Ufaransa, alijisifu mbele ya wasichana kuwa amekula watoto. Mwaka 1603 mahakama kuu ya Bordeaux ilimwona ni mpungufu wa akili na kumfungia katika nyumba ya watawa hadi kifo chake. Wote wawili walisema walichosema mbele ya mahakama iliyokwisha jua jibu. Thiess hakuteswa, na maneno yake hayakufanana na kitabu chochote cha mahakimu. Ndiyo maana walihangaika naye. Mahakama ya wilaya ilishindwa kuamua, ikapeleka shauri mahakama ya juu, na hukumu ikatoka mwaka 1692: achapwe viboko hadharani, kisha afukuzwe nchini. Sababu iliyotolewa ni kuwapotosha watu na kuwatolea dawa za maneno ya kienyeji, maana Thiess alikuwa pia mganga, akitibu watu na ng'ombe kwa chumvi, pombe na maombi ambayo hayakutokana na kanisa. Baada ya hapo hatajwi tena.

Faili lilikaa kimya kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1924, Hermann von Bruiningk, mwanahistoria wa tabaka lilelile la Wajerumani wa Baltiki, alilichapisha Riga, katika Latvia iliyokwisha kuwa jamhuri. Miaka 10 baadaye Otto Höfler, msomi aliyekuwa karibu na siasa za Wanazi, akamchukua Thiess na kumfanya ushahidi wa vyama vya siri vya mashujaa wa kale wa Kijerumani. Mzee aliyesema Wajerumani wana jehanamu yao akageuzwa kuwa babu yao. Sijui dhihaka kubwa kuliko hiyo katika historia ya usomi.

Mwaka 1966 Carlo Ginzburg wa Italia alimrudisha kwa heshima zaidi. Alikuwa akichunguza mafaili ya baraza la kanisa huko Friuli, ambako tangu mwaka 1575 wakulima walioitwa benandanti walisema hutoka kiroho usiku, mara nne kwa mwaka, wakapigana na wachawi kwa mabua ya shamari dhidi ya mabua ya mtama, na matokeo ya vita hivyo ndiyo huamua mavuno. Ginzburg aliona kwamba watu hawa wa kaskazini na wa kusini walishiriki imani moja kongwe ya vita vya rutuba. Bruce Lincoln wa Chicago hakukubaliana naye, na mwaka 2020 wawili hao walitoa kitabu kimoja chenye hoja zote mbili. Lincoln anasema tusimsikilize Thiess kama masalia ya zama za kale. Tumsikilize kama mtwana aliyekuwa akijibu mabwana zake siku ile, chumbani mle.

Mimi nipo na Lincoln, isipokuwa mahali pamoja. Huenda Thiess hakubuni kila kitu. Mijeledi ya chuma, safari za Noeli na mapambano na wachawi vilisimuliwa Livonia kabla hajazaliwa. Lakini jehanamu ya karibu na Klingenberg, Wajerumani waliotengwa na jibu kwa mchungaji, hizo ni kazi za mikono yake. Msanii huchukua ngoma ya kijiji na kuipiga kwa mdundo unaomuuma aliyekaa mbele.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na shina la imani yenyewe. Mtu anayevuta mazao au fedha ya mwenzake kwa uchawi tunamjua kwa jina la chuma ulete, na mfanyabiashara anayeona pesa inapungua sandukuni bila sababu humshuku kabla ya kumshuku karani wake. Wachawi wanaopanda fisi usiku wanasimuliwa sehemu nyingi za bara. Kinachokosekana kwetu ni yule anayekwenda kukirudisha kilichovutwa huku yeye mwenyewe akiwa na sura ya mnyama anayeogopwa.

Lakini watu-wanyama waliofikishwa mahakamani tunao. Katika miaka ya 1940, Singida ilikumbwa na mauaji yaliyosemwa kuwa ya watu-simba. Serikali ya Kiingereza ilikamata watu, ikawashtaki na kuwanyonga baadhi yao. Kesi zile nazo ziliandikwa kwa lugha ya mahakimu, kuhusu wakulima na wafugaji waliozungumza lugha nyingine, na hadi leo zinasimuliwa zaidi kama visa vya kutisha. Wanafunzi wetu wa historia wazisome kama alivyosomwa Thiess: swali kwa swali, jibu kwa jibu, wakiangalia aliyeketi juu ya kiti alikuwa nani, shamba lake liko wapi, na washtakiwa walisema nini ambacho hakimu hakukitarajia.