Ukisusa, Wenzio Wala: Yaliyowakuta Wapiga Kura wa Marekani 1968

Wadau, hakuna kidonda kibaya kama mtu wako kuangushwa kura za maoni ndani ya chama chenu wenyewe. Akishindwa na chama pinzani, unalia, unanyamaza. Lakini akiangushwa na wenzenu, halafu kesho yake unaambiwa uvae fulana ya yule yule aliyemwangusha, hapo ndipo pagumu. Unampigia? Unahama? Au unakaa zako nyumbani?

Leo twende Marekani, mwaka 1968. Watu ninaowazungumzia hawana majina kwenye vitabu: wanafunzi wa vyuo, walimu, kina mama wa nyumbani. Walikuwa wamechoshwa na vita ya Vietnam, ambako nchi yao ilikuwa na askari karibu laki tano. Na aliyekuwa anaiendesha vita hiyo ni Rais Lyndon Johnson, wa chama chao wenyewe cha Democratic.

Novemba 1967 seneta wa Minnesota, Eugene McCarthy, akatangaza kumpinga Johnson ndani ya chama. Watu wakacheka. Vijana hawakucheka. Walinyoa ndevu, wakakata nywele ndefu ili wazee wa New Hampshire wasiwafungie milango, wakaenda kupiga hodi nyumba kwa nyumba kwenye baridi. Hata mwigizaji Paul Newman alikwenda kumpigia debe. Machi 12 matokeo yakatoka: McCarthy asilimia 42, rais aliye madarakani 49. Mwisho wa mwezi huo huo Johnson akatangaza kwamba hagombei tena.

Robert Kennedy naye akaingia, akipinga vita hiyo hiyo. Juni 5, usiku wa ushindi wake wa California, akapigwa risasi Los Angeles, na siku iliyofuata akafariki.

Sasa sikia kilichowauma. Aliyepata tiketi ni Hubert Humphrey, makamu wa Johnson, ambaye hakuingia kwenye kura ya maoni hata moja. Enzi hizo, majimbo mengi wajumbe walipangwa na wakubwa wa chama. Kwenye mkutano mkuu wa Chicago, Agosti, Humphrey akazoa wajumbe zaidi ya 1,700, McCarthy 601. Hoja ya wapinga vita ikapigwa chini ukumbini. Huko nje polisi wakawashushia vijana virungu mbele ya kamera za televisheni.

Ungekuwa wewe, Novemba ungefanyaje?

Kuna waliosusa. Na hapa kuna jambo linaloumiza: wengi wa wale vijana waliopiga hodi hata kura hawakuwa nayo, maana umri wa kupiga kura karibu majimbo yote ulikuwa miaka 21. Walikuwa na umri wa kupelekwa vitani, si wa kuchagua anayewapeleka.

Kuna waliohama. Mchekeshaji Dick Gregory aligombea, na Eldridge Cleaver wa Black Panther pia. Wote wawili kwa pamoja hawakufikisha kura laki moja nchi nzima.

Na kuna waliorudi shingo upande. Septemba yote Humphrey alizomewa karibu kila alikokwenda. Septemba 30, akiwa Salt Lake City, akahutubia kwenye televisheni na kusema yuko tayari kusimamisha mabomu dhidi ya Vietnam Kaskazini. Zomeazomea ikapungua, michango ikaanza kuingia, na pengo kati yake na Richard Nixon wa Republican likawa linazibika. McCarthy mwenyewe alinuna mpaka Oktoba 29, wiki moja tu kabla ya uchaguzi. Alipofungua mdomo kusema atampigia Humphrey, alisema kama mtu anayekunywa mwarobaini.

Wakachelewa. Nixon asilimia 43.4, Humphrey 42.7. Tofauti ilikuwa kura kama laki tano kati ya zaidi ya milioni 73. California peke yake Humphrey aliikosa kwa kura kama 223,000. Angeipata, Nixon asingefikisha kura 270 za majimbo zinazotakiwa, na uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi.

Tusiwatwike mzigo wote hao waliosusa. George Wallace, mtetezi wa ubaguzi, alichukua asilimia 13.5, na wengi wa watu wake hawakuwa wa mrengo huu kabisa. Humphrey naye alichukua muda mrefu kujitenga na bosi wake. Huwezi kumkanyaga mtu Agosti, ukamwomba kura Septemba, halafu umshangae akinuna.

Lakini wahenga walishasema, ukisusa wenzio wala. Mkataba wa kusimamisha vita ulikuja kusainiwa Januari 1973. Baada ya Nixon kuapishwa, askari wa Marekani zaidi ya 20,000 walikufa Vietnam, na Wavietnam wengi zaidi ya hao. Labda na Humphrey wangekufa pia. Ila kura iliyobaki nyumbani haikumwokoa hata mmoja.

Kundi ninalolipenda mimi ni la nne, ambalo halisemwi sana. Hawa walinuna, kisha wakaenda kupigania kanuni za chama. Mwaka 1969 ikaundwa tume, mwanzoni chini ya Seneta George McGovern, na ikataka wajumbe wachaguliwe kwa uwazi, wakiwemo vijana, wanawake na Weusi. Majimbo mengi yakaona njia rahisi ni kuwaachia wananchi wapige kura wenyewe. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18 nchi nzima.

Sitawadanganya kwamba walishinda papo hapo. Mwaka 1972 McGovern mwenyewe akapata tiketi kwa kanuni hizo mpya, akapigwa vibaya na Nixon. Aliambulia Massachusetts na Washington DC tu. Lakini kanuni zilibaki. Miaka 36 baadaye seneta wa muhula wa kwanza, mtoto wa baba Mkenya, alimpita Hillary Clinton kura za maoni jimbo kwa jimbo. Kwa utaratibu wa zamani wa wakubwa kupanga wajumbe, sidhani kama Obama angefika.

Kwa hiyo mtu wako akiangushwa, nuna, ni haki yako. Lakini siku ya kura nenda, halafu siku inayofuata uliza nani anaandika kanuni za chama chako na anakutana na wenzake wapi. Wewe uliyewahi kuangushiwa mtu wako, ulifanya lipi kati ya haya manne? Sema kweli.