New York Renaissance, msimu wa 1932–33

Msimu wa 1932–33 ulikuwa wa kumi kwa New York Renaissance, au Rens kwa kifupi, timu ya kwanza ya mpira wa kikapu ya kulipwa nchini Marekani kumilikiwa kikamilifu na watu weusi. Rens walishinda michezo 120 na kupoteza 8. Kuanzia tarehe 1 Januari hadi 27 Machi 1933 walishinda michezo 88 mfululizo ndani ya siku 86, kwani zipo siku walizocheza mara mbili.

Chimbuko

Timu iliundwa mwaka 1923 na Robert Douglas, mzaliwa wa kisiwa cha St. Kitts katika Karibi. Douglas alitafuta uwanja. Wenye Renaissance Casino, ukumbi wa dansi mtaani Harlem, walitafuta wateja. Wakapatana: timu ipate ukumbi, ukumbi utangazwe kwa jina la timu. Sakafu ilikuwa ya dansi, imesuguliwa hadi inateleza, na mchezaji aliyekosa breki aliweza kuishia kwenye meza za watazamaji. Watu walikuja wamevalia nguo zao nzuri kabisa, maana mchezo ukiisha bendi ilipiga na dansi ikaanza.

Kikosi

Walikuwa saba: Charles “Tarzan” Cooper, Clarence “Fats” Jenkins aliyekuwa nahodha, Bill Yancey, John “Casey” Holt, James “Pappy” Ricks, Eyre Saitch na William “Wee Willie” Smith. Jenkins na Yancey walicheza pia besiboli katika ligi za watu weusi. Saitch alikuwa bingwa wa tenisi.

Zama hizo, kila kikapu kilipofungwa mpira ulirudi katikati ya uwanja, mwamuzi akaurusha juu na wachezaji wawili wakaurukia. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1937. Timu yenye mrukaji hodari iliweza kufunga, kuudaka tena na kufunga tena, huku wapinzani wakiusindikiza mpira kwa macho. Rens walikuwa na Cooper, na Smith naye alikuwa mrefu zaidi yake. Kilichobaki kilikuwa pasi za haraka, ambazo waliowaona walizisifu kuliko yote.

Barabarani

Mdororo mkubwa wa uchumi ulipunguza watazamaji Harlem, hivyo timu ikaishi safarini. Hapa ndipo ukubwa wa msimu huu unapoonekana, kuliko hata kwenye hesabu ya ushindi. Katika miji mingi hoteli na mikahawa haikuwapokea watu weusi, hata pale ambapo wazungu wa mji huohuo walikuwa wamelipa kiingilio kuwatazama. Rens waliweka kambi katika miji mikubwa kama Chicago na Indianapolis, wakasafiri kwa basi lao mamia ya kilomita kwenda kucheza, kisha wakarudi usiku uleule kulala. Mara nyingi walikula ndani ya basi. Kesho yake mji mwingine, waamuzi wa wenyeji, mashabiki wa wenyeji. Wachezaji saba tu walistahimili hayo kwa takriban miezi mitatu bila kushindwa hata mara moja.

Original Celtics

Kati ya michezo 8 waliyopoteza, 6 ilikuwa dhidi ya Original Celtics, timu ya wazungu ya New York, ambayo Rens nao waliifunga mara 8. Celtics ndio waliokata mfululizo wa ushindi 88. Hata hivyo timu hizi ziliheshimiana kwa dhati. Ligi ya kulipwa ilipowakataa Rens mwaka 1925, Celtics walikataa kujiunga nayo. Joe Lapchick, mrukaji wao, alizoea kumkumbatia Cooper kabla ya mchezo, mbele ya watazamaji ambao wengi wao waliliona jambo hilo kuwa haramu.

Baadaye

Mwaka 1939 Rens walitwaa ubingwa wa mashindano ya dunia ya timu za kulipwa mjini Chicago, wakiifunga Oshkosh All-Stars 34–25 katika fainali. Timu ilivunjika mwaka 1949, baada ya kumalizia msimu wake wa mwisho mjini Dayton. Kikosi cha 1932–33 kiliingizwa katika Jumba la Umaarufu la Naismith, la mpira wa kikapu, mwaka 1963, Douglas mwaka 1972 na Cooper mwaka 1977. Jengo la Renaissance lilibomolewa mwaka 2015.