Nyangumi wa msimu wa kusi na safari za kuwatazama Watamu

KILA mwaka pepo za kusi zinapovuma, bahari ya Pwani huchafuka, wavuvi wa mashua ndogo husalia karibu na ufuo na shughuli nyingi za utalii wa baharini hudorora. Hata hivyo, ni katika msimu huo huo ambapo nyangumi wenye nundu hupita katika maji ya Watamu, Kaunti ya Kilifi.

Kati ya Julai na Septemba, manahodha wa eneo hilo huwapeleka wageni nje ya miamba ya matumbawe kuwatazama wanyama hao. Kwa nahodha ambaye boti yake ingetia nanga hadi kaskazi irejee, safari hizo ni riziki. Lakini ni riziki inayoweza kutoweka iwapo wanaoitafuta watawakaribia nyangumi kupita kiasi.

Safari ndefu

Nyangumi hao hutoka katika bahari baridi inayolizunguka bara la Antaktika, umbali wa zaidi ya kilomita 5,000. Huko hujilisha kamba wadogo mno wanaoelea majini kwa wingi. Majira ya baridi yanapoingia upande huo wa dunia, huelekea kaskazini kwenye maji ya joto ya Msumbiji, Madagaska, Tanzania na Kenya ili kupandana na kuzaa.

Jike hubeba mimba kwa karibu mwaka mmoja. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi na uzani wa karibu tani moja. Mama, ambaye huweza kufikia urefu wa mita 15 na uzani wa tani 30, hali takriban chochote awapo katika maji ya joto. Humnyonyesha mtoto kwa nguvu ya mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi.

Kwa sababu hiyo, kila anapolazimika kuikimbia boti, mama hutumia akiba ambayo hawezi kuijaza tena hadi arudi kusini. Ndama naye hukatizwa kunyonya.

Jinsi ya kuwatambua

Nyangumi si samaki. Ana mapafu, hivyo ni lazima aibuke kupumua, na ishara ya kwanza kuonekana kutoka mbali ni mvuke anaourusha juu kama moshi. Kisha huonekana mgongo mweusi wenye nundu, na pengine mapezi ya kando ambayo urefu wake hukaribia thuluthi moja ya mwili.

Anapozama, mara nyingi huinua mkia hewani. Alama nyeupe na nyeusi zilizo chini ya mkia huo hazifanani na za nyangumi mwingine, mithili ya alama za vidole vya binadamu. Picha zake huwawezesha watafiti kumtambua akionekana tena mwaka mwingine au katika nchi nyingine.

Madume nao huimba. Mnamo 1971, wanasayansi Roger Payne na Scott McVay walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa sauti hizo zina mpangilio maalumu unaorudiwarudiwa.

Katika safari hizo mtu huweza pia kuwaona pomboo na kasa. Wakati wa kaskazi huweza kuonekana papa shilingi, aliyepewa jina hilo kwa madoa meupe yanayofanana na sarafu. Huyu, licha ya ukubwa wake, ni samaki halisi.

Walivyonusurika

Katika karne ya 20, meli za uwindaji ziliua zaidi ya nyangumi wenye nundu 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Uwindaji wao huko ulipigwa marufuku mwaka wa 1963, ingawa meli za Muungano wa Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri kwa miaka kadhaa.

Mnamo 1979, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari Hindi kuwa hifadhi. Marufuku ya uwindaji wa kibiashara duniani ilianza kutekelezwa mwaka wa 1986. Idadi yao imeongezeka, na tangu 2008 nyangumi wenye nundu kwa jumla hawamo tena katika orodha ya viumbe walio hatarini kuangamia. Hata hivyo, kundi dogo linaloishi mwaka mzima katika Bahari ya Arabuni, hasa karibu na Oman, lingali hatarini.

Siku hizi tishio si chusa bali nyavu zinazowanasa, meli zinazowagonga na kelele za injini.

Kanuni za safari

Katika nchi nyingi, boti hutakiwa kukaa angalau mita 100 kutoka kwa nyangumi, na mbali zaidi ikiwa kuna ndama. Nahodha hatakiwi kumfuata kutoka nyuma, kumzuia mbele wala kupita kati ya mama na mtoto. Nyangumi akiikaribia boti mwenyewe, gia hutolewa na abiria hutulia.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa nauli, ni vyema msafiri amuulize nahodha atakaa umbali gani. Anayeahidi kumfikisha mgeni hadi karibu ya kumgusa nyangumi hafai kuajiriwa, kwani anaharibu kazi ya wenzake na msimu wa mwaka ujao.