Giacomo Torelli: Mzunguko mmoja, jukwaa zima

Haya wapenzi wa teknolojia, leo tuweke tarakilishi kando kidogo tuzungumze kuhusu mbao, kamba na roda. Msishtuke, sijahama fani! Nataka kuwajulisha kwa Giacomo Torelli, Mwitaliano aliyezaliwa mji wa Fano mwaka 1608. Vitabu vya sanaa humwita mbunifu wa majukwaa. Mimi namwita mhandisi wa mifumo.

Kwanza, tatizo lenyewe. Mwaka 1637 mji wa Venice ulifungua jumba la kwanza la opera ambalo mtu yeyote mwenye pesa ya tiketi angeweza kuingia. Opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa, na watazamaji walitaka miujiza: bandari igeuke msitu, miungu ishuke kutoka mawinguni. Majumba mengine yakafunguliwa, ushindani ukawa mkali.

Mandhari yalichorwa kwenye fremu ndefu zilizopangwa safu mbili, kulia na kushoto mwa jukwaa. Kubadilisha mandhari kulihitaji vibarua wengi, kila mmoja akisukuma fremu yake. Mmoja akichelewa, nusu ya jukwaa iko baharini na nusu iko jangwani. Sisi tunaoandika programu tunaufahamu vyema ugonjwa huo: kazi nyingi zinazotakiwa kumalizika pamoja, lakini kila moja ina mwendo wake.

Torelli alipata dawa yake katika jumba la Teatro Novissimo, lililofunguliwa mwaka 1641 kwa opera ya La finta pazza. Wazo la kutelezesha fremu pembeni lilikuwepo kabla yake. Alichofanya yeye ni kuziunganisha. Sakafu ya jukwaa ilikatwa mifereji myembamba. Chini yake kulikuwa na vigari vya magurudumu, na kila kigari kilibeba nguzo iliyopenya mfereji na kushika fremu juu. Vigari vilikaa wawili wawili: kimoja kikiingia, mwenzake anatoka. Kamba za vigari vyote zilifungwa kwenye gogo moja kubwa la kuzunguka, na uzito ulioning'inizwa ukatoa nguvu. Fungua kizuizi, uzito unashuka, gogo linazunguka, na mandhari yote yanabadilika kwa pamoja mbele ya macho ya watu. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa miaka 15 alitosha kuiendesha. Si ajabu Torelli aliitwa mchawi mkubwa!

Sifa zikafika Ufaransa. Mwaka 1645 aliitwa Paris na Malkia Anne, mama wa Louis XIV, mfalme aliyekuwa bado mtoto. Akaweka mitambo yake katika ukumbi wa Petit-Bourbon, na mwaka 1650 akatengeneza jukwaa la Andromède, mchezo wa Corneille ulioandikwa hasa ili kuonyesha mitambo hiyo.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo mambo yanapochacha. Mwaka 1659 Mwitaliano mwingine, Gaspare Vigarani, aliletwa Paris kujenga ukumbi mpya wa mfalme. Mwaka uliofuata Petit-Bourbon ikabomolewa ili kupanua kasri la Louvre. Vigarani akaomba mandhari ya Torelli, akidai atayatumia. La Grange, mwigizaji wa kundi la Molière, aliandika katika daftari lake kwamba Vigarani aliyachoma moto ili kazi ya mtangulizi wake isibaki hata kidogo.

Mwezi Agosti 1661 Torelli alitengeneza jukwaa la sherehe ya Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za ufalme. Wiki chache baadaye Fouquet akakamatwa, na Torelli akarudi Italia. Huko Fano alisanifu jumba la Teatro della Fortuna, lililofunguliwa mwaka 1677. Alifariki mwaka 1678. Hata jumba hilo lilibomolewa katika karne ya 19.

Je, moto wa Vigarani ulifaulu? Mbao ziliungua, hilo kweli. Lakini mwaka 1644 Torelli alikuwa amechapisha michoro ya majukwaa yake ya Venice, na mandhari ya Andromède pia yalichongwa na kuchapishwa. Mafundi nao walishajifunza mbinu. Ilisambaa Ulaya kwa zaidi ya miaka 100, na katika jumba la Drottningholm nchini Uswidi, lililojengwa mwaka 1766, mitambo ya ukoo huohuo bado inazungushwa kwa mikono.

Kwa hiyo wenzangu, tusichapishe programu pekee. Tuandike pia jinsi inavyofanya kazi, na tuwafundishe wengine. Seva ya mwajiri inaweza kuzimwa kesho, na kina Vigarani hawajaisha.

Tukutane tena panapo majaliwa.