Kuhesabu Risasi Garissa
Nilipoanza kazi ya ufundi wa silaha hapa Garissa, Polisi wa Akiba, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1948, walikuwa bado na zile .303, Lee-Enfield za Waingereza zenye magazini ya risasi 10. Bunduki hiyo haikuambii kwamba risasi zimeisha: unafunga bolti juu ya chemba tupu, unafyatua, unasikia "tak" tu. G3 ya Wajerumani, yenye risasi 20, ni vivyo hivyo. Wazee waliopitia vita vya shifta, 1963 hadi 1967, walihesabu kimoyomoyo kila walipofyatua, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Bastola ya Ceska ina utaratibu mwingine. Risasi ya mwisho ikitoka, springi ya magazini huinua kibao, kibao huinua komeo, na sehemu ya juu hubaki nyuma. Isipobaki, naanza na magazini: naweka nyingine. Ikikubali, springi ya ile ya kwanza imechoka. Isipokubali, nasafisha komeo, maana vumbi letu ni laini kama unga. Kisha natazama kidole gumba cha askari. Wengi hushika juu mno, wakalikandamiza komeo bila kujua.