Mvunjiko wa uchovu

Daktari wa Kalemie akiandika kwa Kifaransa fracture de fatigue kwenye faili, shughuli huanza pale anapotakiwa kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Akisema mfupa umevunjika, ataulizwa: umevunjika lini? Mtu hakuanguka, hakugongwa na pikipiki. Alitoka tu kwenye kazi ya kukaa dukani akaanza kubeba magunia bandarini, tena kwa mabuti mapya yenye soli ngumu.

Kiingereza husema stress fracture. Ukifasiri kwa pupa unapata “mvunjiko wa msongo”, na msomaji anawaza msongo wa mawazo. Wajerumani waliuita kwa jina la mwendo wa askari, kwa kuwa Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza miguu iliyovimba ya askari mwaka 1855, kabla ya eksirei kuwapo. Picha zilionyesha nyufa zenyewe mwaka 1897. Jina hilo, hata hivyo, linamwacha nje mchuuzi wa samaki.

Naona Kifaransa kimelenga vizuri zaidi. Uchovu huo ni ule wa mafundi chuma: waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika bila kupigwa nyundo. Ila mfupa una uhai. Mzigo ukiongezeka, chembe fulani hubomoa kwanza sehemu kuukuu, ndipo nyingine zijenge mpya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi, na katikati hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Viatu navyo vimo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliwafuata kwa wiki 10 wakimbiaji waliohamia viatu vya soli nyembamba. Mifupa ya miguu yao ilionyesha uvimbe wa ndani zaidi ya wale waliobaki na viatu vyao vya kawaida. Aliyekulia peku hahusiki na matokeo hayo. Kinachoumiza ni kubadili ghafla.

Basi kwenye maandishi nachagua “mvunjiko wa uchovu”, na mbele ya mgonjwa nasema “ufa”. Ufa hauhitaji kuanguka. Mara nyingi hukaa kwenye mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole cha pili au cha tatu cha mguu, na mwenye maumivu huweza kuugusa kwa ncha ya kidole kimoja. Eksirei ya siku za mwanzo huenda isionyeshe kitu, kwa hiyo anayeambiwa picha ni safi huku bado anachechemea arudi baada ya wiki 2 au 3, na kabla ya hapo asikandwe wala asibebe gunia.