Deni la Mtani

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilikuwa na wanafunzi wa zamani karibu kila wilaya, lakini rafiki sikuwa naye. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuitikia "Marahaba". Nikabaki Tabora, kituo changu cha mwisho, mimi na mke wangu, Wazaramo wa Kisarawe tulio mbali na kwetu.

Mke wangu alipofariki, jirani yangu mmoja Mnyamwezi alijilaza kando ya kaburi, akasema hazikwi mtu hapa mpaka Mzaramo alipe. Nilijua ni utani, hata hivyo nilikasirika, nikamgeuzia uso. Watu wakamwondoa kimyakimya. Tangu siku ile hakukanyaga barazani kwangu, wala mwingine hakuja.

Katika upweke huo nililirudia somo ambalo nilizoea kulifundisha kwa tarehe tu. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, safari ya miezi. Walipita katika nchi za wenyewe, nao walihitaji maji, chakula, pa kulala, na wa kumzika aliyefia njiani. Ndipo utani kati yao na watu wa njia ile, Wazaramo wakiwamo, ulipostawi. Mtani hukutukana na kuchukua kitu chako, lakini hakuachi bila kukuzika. Hata maadui walikuwa na njia yao: mwaka 1871 Stanley alipigana upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mtemi Mirambo, Aprili 1876 wawili hao, watu wazima wote, wakachanjiana wakawa ndugu.

Nikaliona kosa langu. Mtoto hupata rafiki kwa kucheza naye. Mtu mzima akingoja moyo upende kwanza, atangoja sana. Wazee wetu walitanguliza wajibu, mapenzi yakafuata njiani.

Mwaka mmoja baada ya maziko nilikwenda kwa jirani yule, jogoo kwapani. "Nimeleta deni la kaburini," nikasema.

Alimtazama jogoo, akanitazama mimi. "Na riba yake, Mzaramo?"

Nilicheka, kisha nikalia, naye akanisogezea kigoda. Riba hiyo naendelea kuilipa kila jioni.